Kuku hatagi: tunayodhani na yaliyo kweli

Mwezi wa tano jirani yangu hapa Busia alichinja matetea watatu kwa siku moja. Alisema ni tasa, wanamlia pumba bure. Nilikuwa naye alipowapasua. Ndani ya wa kwanza tulikuta viini vimepangana kama shanga, kuanzia kidogo kama punje ya mtama hadi kikubwa kama ndimu, na chini kabisa yai zima lenye ganda lake. Alasiri watoto wakaokota mayai 17 migombani, nyuma ya choo.

"Sioni yai, basi hatagi." Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Kabla ya kunoa kisu, mshike kuku wako. Chini ya mkia kuna mifupa miwili iliyochongoka, huku na huku ya tundu la kutagia. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati yake, na tundu ni pana lenye unyevunyevu, huyo anataga. Kikipita kimoja kwa taabu, na tundu ni dogo, kavu, amesimama kutaga. Ukiwa na shaka, wafungie bandani hadi saa sita mchana kwa siku tatu nne, uone.

"Bila jogoo hakuna mayai." Yapo. Jogoo anahitajika ukitaka vifaranga tu.

"Yai laini ni mkono wa mtu, au ongeza mahindi." Nimesikia yote mawili. Yai lisilo na ganda gumu, lile linalobonyea kama puto lenye maji, mara nyingi linatokana na upungufu wa kalisi. Ganda moja linakula takriban gramu 2 za kalisi, na mwili wa kuku unalijenga kwa saa 20 hivi, sehemu kubwa usiku. Mahindi na pumba karibu hayana kalisi, kwa hiyo ukiyaongeza unamnenepesha tu. Chakula cha kuku watagaji huwa na kalisi kama asilimia 4. Kama huna uwezo wa kukinunua, weka pembeni kopo la magamba ya konokono wa ziwani yaliyosagwa. Kila kuku atadonoa kiasi anachohitaji. Mukene, dagaa wa ziwani ambao ndugu zetu ng'ambo ya mpaka huwaita omena, ni wazuri sana, ila angalia mchanga: wengi huanikwa chini ufukweni, ukaishia kununua mchanga kwa bei ya samaki. Usiwape vifaranga chakula cha watagaji, kalisi hiyo nyingi inaharibu figo zao.

Na wale wanaosema maganda ya mayai yanamfundisha kuku kula mayai? Yakaushe juani, yaponde hadi yasifanane tena na yai, wape bila hofu. Kinachomfundisha ni yai lililopasuka kwenye kiota akalionja.

"Yai likikwama, livunje ulitoe." Nilifanya hivyo mimi mwenyewe miaka ya nyuma, na kuku akafa siku ya pili. Vipande vya ganda hukata njia ya yai, na ute uliobaki ndani huoza. Utamjua aliyekwama: anasimama wima, mkia chini, anajikamua, anaingia kiotani na kutoka bila kitu. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yafike tumboni, dakika 20 hadi 30. Mkaushe, paka mafuta ya kupikia kidogo tunduni, kisha mweke kwenye boksi lenye giza na joto, maji ya kunywa karibu. Usimkamue tumbo. Saa chache zikipita bila yai, mwite daktari wa mifugo.

"Anayeatamia ni mgonjwa, mtumbukize kwenye maji baridi." Si ugonjwa. Kuku wa kienyeji akishataga mayai yake 10 hadi 15, mwili unamwambia akae siku 21. Kama hutaki vifaranga, mweke siku tatu nne kwenye kizimba chenye sakafu ya waya iliyoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo lake, na mpe chakula na maji kama kawaida. Ataacha.

"Mayai yakipungua, weka dawa ya unga kwenye maji." Dawa za bakteria haziongezi kalisi wala hazigusi kideri, ule ugonjwa wa Newcastle unaoua kuku, kwa sababu kideri ni kirusi, na kinga yake ni chanjo. Tena mabaki ya dawa huingia kwenye mayai unayowapa watoto wako.

Nilipokwenda kwa jirani kumsaidia kutengeneza viota vya majani makavu, niliona bakuli la maji limekauka, saa nane ya mchana, juani. Karibu robo tatu ya yai ni maji. Kuku akishinda na kiu siku nzima, utagaji unaweza kushuka kwa siku kadhaa. Sasa ana madumu mawili yaliyokatwa, chini ya mwembe, na anayajaza asubuhi na mchana.