Korintho ya Paulo ilikuwa mji mchanga

Nikifundisha historia ya Ugiriki, Korintho ndio mji ambao wanafunzi huja wakiujua, kwa sababu ya zile nyaraka mbili za Mtume Paulo kwa Wakorintho katika Biblia. Wengi hudhani Paulo aliingia katika mji mkongwe wa Kigiriki. Sivyo. Mji aliofikia karibu mwaka 50 BK ulikuwa haujatimiza miaka 100.

Mkongwe ulikuwepo, tena tajiri kwelikweli. Ulikaa penye shingo nyembamba ya nchi kavu, ukimiliki bandari pande zote mbili: Lechaion magharibi na Kenkrea mashariki. Mabaharia waliziogopa dhoruba za rasi ya Malea kule kusini, kwa hiyo karibu mwaka 600 KK ikatandazwa barabara ya mawe, Diolkos, ya kuvusha mizigo na pengine vyombo vyenyewe kutoka bahari hadi bahari. Michirizi ya magurudumu ingali inaonekana kwenye mawe yake.

Mwaka 146 KK jemadari Mroma Lucius Mummius aliuteketeza. Wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Miaka 100 ikapita pakiwa magofu na wakazi wachache tu, mpaka Julius Caesar alipoamuru mwaka 44 KK koloni la Kirumi lijengwe palepale.

Walowezi wake wengi walikuwa watumwa walioachwa huru, na Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa zama hizo, anatusimulia walivyoanza maisha: walipokuwa wakiondoa vifusi walikuta makaburi yenye vyombo vya udongo na shaba, basi hawakubakiza kaburi. Roma nzima ikajaa bidhaa za wafu wa Korintho, zikinunuliwa kwa bei ya kuruka! Sasa soma tena majina ya watu wa Korintho katika salamu za Paulo: Tertio, Gayo, Kwarto, Fortunato. Hayo ni majina ya Kilatini. Hata jukwaa ambalo wengi wetu tunalitambua kuwa kiti cha hukumu cha liwali Galio, ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake, liko katikati ya uwanja wa Kirumi.

Kutoka mji wa kwanza, kinachoonekana kwa mbali ni nguzo saba za hekalu la Apollo, la karne ya 6 KK, kati ya 38 za awali. Kila moja ilichongwa kwa jiwe moja zima.

Tetemeko la mwaka 1858 liliwahamisha wakazi hadi pwani, kilomita kadhaa kutoka hapo. Kwa hiyo ukipanda basi kwenda kuyaona magofu, mwambie dereva unakwenda Archaia Korinthos. Ukisema Korinthos tu, utashushwa mji mpya.