Ukisafiri na gari ya kulala ndani ubebe maji lita ngapi? Na kwanini nusu tanki ni jibu baya

Hili swali nimelijibu vibaya kwa karibu miaka miwili, tena kwa kujiamini, kila aliyeniuliza nilimwambia jaza nusu tanki inatosha, mpaka siku bamdogo aliponishusha kwenye usukani akaendesha mwenyewe. Gari ninayoongelea ni hizi zenye kitanda, jiko na sinki ndani. Wazungu wanapita nazo hapa Dodoma maana tuko kwenye ile njia ya Cape mpaka Cairo, wanatoka Iringa wanaelekea Kondoa, Babati, Arusha. Yetu sisi ni Coaster ya zamani tu tuliyong'oa viti.

Hesabu ya maji haina mambo mengi. Mtu anakunywa lita 3 hivi kwa siku, na kwa jua la Bahi au Manyoni mwezi wa kumi weka 4 bila ubishi. Chai na kupika lita 2. Vyombo lita 2 kama unasuuza kwenye beseni. Kuoga kwa kopo lita 5, na sisi tuliokulia huku ambako mvua inanyesha Desemba mpaka Aprili halafu basi, tunajua lita 5 unaoga mpaka unang'aa. Mikono, meno na uso, malizia na 2. Ukiweka zile 4 za kunywa jumla ni 15, na sio ajabu kwamba ndo kiwango cha chini wanachotumia watu wa misaada ya dharura kwa mtu mmoja kwa siku. Kinachoharibu hesabu ni shawa, ile ya nyumbani inamwaga lita 8 au zaidi kwa dakika, ukikaa chini yake dakika tano umemaliza dumu mbili na bado hujajisugua mgongo.

Kwahiyo watu wawili, siku tatu, ni lita 90, ongeza dumu moja la akiba unapata 110. Siku tatu zinatosha kwa njia za huku, kutoka Dodoma mpaka Babati ni kama kilomita 250 za lami na katikati kuna Kondoa, maji utayapata. Kubeba ya wiki nzima ni kujitesa, maana lita moja ni kilo moja, na kila kilo unailipia mafuta.

Sasa hapa ndo nilipojikwaa. Ushauri nilioshika ulikuwa wa Ulaya, kule leseni ya kawaida kwa sehemu kubwa inaishia kwenye gari ya tani 3.5, kwahiyo wenye hizi gari wanahesabu kila kilo, na kuna watengenezaji ambao kwenye uzito wa gari wanahesabu lita 20 tu za maji ya safarini hata kama tanki linaingia 100. Wanachosema wao ni kwamba safiri karibu mtupu, utajaza ukifika kambini ambako bomba lipo. Mimi nikajiongeza: huku bomba halipo kila mahali, basi nigawe katikati, nusu. Nikaona nimepata uzito mdogo na maji ya kutosha kwa mpigo. Kumbe nimechukua ubaya wa pande zote mbili.

Fundi alitutengenezea tanki bapa la lita 300, upana mita 1.8, kina sentimita 28, limelala kwa upana wa gari nyuma kabisa. Tunatoka Iringa tunashuka Nyang'oro kuelekea Mtera, tanki nusu, mwendo wala sio mkali. Kona ya kwanza gari ikalala kidogo, kawaida. Nikarudisha usukani, gari ikanyooka, halafu kama sekunde moja na nusu baadaye nikasikia gwaaa nyuma na gari ikasukumwa ubavuni kama kuna mtu ameigonga. Kona ya pili ikawa upande wa pili, ikasukumwa zaidi. Sufuria zikaanguka. Bamdogo aliwahi kuendesha boza la maji la wakandarasi wa barabara, akasema, "Mwanangu simamisha. Umebeba maji au umebeba chatu?"

Mimi nikajua ni springi. Yeye akasema springi ni nzima, tatizo ni nusu. Nikambishia kweli, nikamwambia bamdogo, tanki likijaa ni kilo 300, nusu ni 150, inakuwaje nyepesi isumbue kuliko nzito? Akanijibu kwa daladala, na mpaka leo sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Daladala ya saa moja asubuhi imejaa mpaka mlangoni. Dereva anafunga breki ghafla, hakuna anayeanguka, maana hamna pa kuangukia, mmebanana mmekuwa kitu kimoja na gari. Daladala tupu nayo haina shida. Ngoja sasa ile ya saa tano yenye watu kumi wamesimama hawajashika bomba. Breki moja wote wanakimbilia mbele, gari imeshasimama, halafu wao ndo wanafika. Hilo pigo la pili ndo lile gwaaa. Yaani uzito haujazidi, ila umechelewa, na umekuja kusimama mahali ambapo haukuwepo.

Maji yana kingine ambacho abiria hawana, yanarudi. Yakigonga ukuta huu yanakwenda ule, kwa mwendo wake yenyewe, sio wa kwako. Kwenye tanki letu yalikuwa na kina cha sentimita 14, na wimbi kwenye maji ya kina hicho linatembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwahiyo kuvuka mita 1.8 ni ile sekunde moja na nusu niliyoisikia mgongoni. Kwenda na kurudi ni sekunde tatu. Ukikutana na kona zinazopishana kushoto na kulia, na jozi nzima inachukua muda kama huo, unakuwa unamsukuma mtoto kwenye bembea, kila kona inaongeza ya kwake.

Halafu upana. Chukua uji uleule, nusu utie kwenye sahani pana nusu kwenye kikombe chembamba, tembea navyo kutoka jikoni mpaka sebuleni. Tunajua kipi kitafika. Watu wa meli wana hesabu yake kabisa: meli ikilala, balaa la maji yanayocheza ndani linakua kwa upana mara upana mara upana. Maana yake ukigawa tanki katikati, kila chumba kinabaki na moja ya nane, viwili kwa pamoja ni robo. Maji yaleyale, uzito uleule, balaa limepungua kwa robo tatu, kwa sababu ya ukuta mmoja! Mwaka 1987 meli ya Herald of Free Enterprise ilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, wakafa watu 193. Iliondoka milango ya mbele ikiwa wazi, maji yakaingia kwenye deki ya magari ambayo ilikuwa pana na haina kuta, yakakimbilia upande mmoja.

Ndo maana matanki mengi makubwa ya barabarani yana kuta zenye matundu ndani, za kuyachelewesha maji. Matanki ya maziwa kwa kawaida hayana, sababu ya usafi, maziwa yangebaki kwenye zile pembe yakaoza, kwahiyo dereva wa maziwa anatakiwa awe na mguu laini kuliko wa petroli. Na kina mama wa vijijini huku hawakusubiri injinia, mtu akitwika ndoo anaweka kitawi cha majani juu ya maji na hayarukiruki. Nimekiona hicho kitawi tangu mtoto, nikidhani ni cha kuzuia vumbi.

Ila nisitishe watu bure. Hesabu ya meli ni ya kitu kinacholala taratibu, Coaster inarushwarushwa, kwahiyo ichukue kama mwelekeo tu usiipimie tanki lako kwa sentimita. Na ukubwa unahusika sana. Lita 30 zinazocheza kwenye Noah hutazisikia. Kilo 150 nyuma kabisa ya gari ndefu utazisikia, na boza la lita 10,000 likiwa nusu linaweza kulala kabisa kwenye kona. Wala simaanishi ujaze tu ilimradi limejaa, tanki letu likijaa ni kilo 300 nyuma ya matairi ya nyuma, zinafanya mbele kuwe kwepesi na usukani unaelea. Hiyo nayo tuliijaribu, mara moja.

Tulichofanya sisi ni kulitoa. Kuna jirani yangu nilikuwa namcheka, anasafiri na madumu ya njano ya lita 20 yamepangwa sakafuni katikati ya gari, nikimwona mshamba mwenye gari nzuri. Kumbe kila dumu ni chumba chake. Ukiwa na sita unatumia moja moja, wakati wowote ni moja tu lililo nusu, mengine ama yamejaa ama ni matupu, na lile la nusu upana wake hauzidi wa kiti cha plastiki. Sita ni lita 120, yaani zile 110 na chenji. Yapange katikati ya matairi ya mbele na ya nyuma, yafunge na mpira wa baiskeli, na ukipata bomba jaza yale matupu kwanza.

Hapa mjini wanakuhadithia jina Dodoma limetokana na tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye matope. Aliyafuata maji kwa miguu yake, angalau.

La kunywa litenge. Visima vya huku vingi vina chumvi, maji ya kuogea na ya chai sio lazima yatoke sehemu moja, na kwenye madumu yanayofanana hutajua lipi ni lipi. Letu tumelifunga kitambaa chekundu kwenye mkono, baada ya shemeji kunawia miguu lita 20 za maji yaliyochemshwa, pale Kolo, tumetoka kupanda kuangalia michoro ya mapangoni na wote tuna kiu.