Pini ndogo za injini: usifunge hedi bila hizo

Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imerudi kutoka kuskimiwa (kusawazishwa uso), gasketi mpya iko mezani, mwenye gari anapiga simu kila nusu saa. Ndipo fundi anagundua kwamba zile pini, yaani bushi mbili fupi za chuma zilizokuwa kwenye pembe za bloku kuielekeza hedi ikae mahali pake, hazipo. Mara nyingi zimebaki karakana ya lathe, kwa sababu hedi haiwezi kulala sawa kwenye mashine kama zimeng'ang'ania chini yake. Gereji nyingi hapa Arusha swali linakuwa moja: tufunge hivyo hivyo? Mimi nasema usifunge. Rudi kule karakana, mtaa wa Unga Limited, ukazitafute.

Kazi ya bolti ni kubana. Haina kazi ya kuelekeza. Tundu la bolti kwenye hedi hutobolewa kubwa kuliko bolti yenyewe, tuseme kwa milimita moja, ili ipite bila kusugua. Kwa hiyo hedi isiyo na pini inaweza kusogea nusu milimita upande wowote, na ukishakaza inabaki hapo hapo ilipolala. Pini haina nafasi ya kucheza: imebana kwenye bloku, na hedi inaivaa barabara.

Nusu milimita ina madhara. Pete ya chuma ya gasketi inayozunguka silinda inaweza kuchungulia ndani, moto ukaipiga moja kwa moja hadi ikaungua. Upande wa pili, tundu la maji au la oili linazibwa kiasi. Gari litawaka, litanguruma vizuri, hata utazunguka nalo mjini wiki nzima. Siku likipakia watalii na kupanda ule ukuta wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, rejeta inatoa mapovu, na lawama zote anabebeshwa aliyeuza gasketi.

Kwenye giaboksi hali ni mbaya zaidi, na huko ndiko pini hupotea sana, hasa kwa injini za mtumba zinazokuja bila giaboksi. Nyuma ya bloku kuna pini mbili zinazoweka shafti ya giaboksi kwenye mstari mmoja na kranki, ile shafti kuu ya injini. Zikikosekana, uzito wa giaboksi unaivuta chini kabla bolti hazijabana. Gari la manyuo litaanza kutetemeka unapoachia klachi, beringi ya mbele ya giaboksi italia, na gia inaweza kuchomoka yenyewe. Kwa otomatiki, konveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili) inazunguka nje ya kitovu, inakula bushi ya pampu, sili ya mbele inavuja, na ile sahani nyembamba inayounganisha konveta na kranki inapasuka. Ukibadilisha sili pekee, itavuja tena.

Ukitaka uhakika, funga diali geji (saa ya kupimia mchezo) kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya kranki, ncha yake iguse ukingo wa lile tundu kubwa la nyumba ya klachi, kisha zungusha kranki duara zima. Kwa manyuo, kikomo kinachotumiwa na wengi ni mshale kucheza jumla ya milimita 0.13 hivi.

Kuna kosa la upande wa pili: pini iliyozidi. Pini ya zamani imekwama ndani ya hedi, fundi haioni kwa sababu ya masizi, anaweka nyingine mpya kwenye bloku. Zinakutana vichwa. Au amechongesha ndefu. Piga hesabu hivi: tundu la bloku lina kina cha milimita 7, la hedi 6, gasketi ikibanwa ni 0.7. Jumla 13.7. Pini ya milimita 14 itainyanyua hedi kwa milimita 0.3, na ukilazimisha kwa spana utapasua sikio la alumini. Pima kwa vernia pande zote mbili, uache walau milimita moja ya nafasi.

Kutoa bushi iliyokwama kunataka subira. Usiibane kwa plaizi ikiwa tupu ndani, itajikunja na hutaitumia tena. Ingiza mpini wa drili biti unaojaa ndani yake sawasawa, mwagia oili ya kulegeza kutu, bana kwa vaisigripi, kisha zungusha huku unavuta. Kama imekaa kwenye alumini, pasha moto eneo lote taratibu kwanza.

Kurudisha ni rahisi: safisha tundu mpaka chini, pakaza oili kidogo, gonga kwa nyundo ya plastiki hadi ifike mwisho. Gasketi iingie bila kulazimishwa. Hedi ishuke kwa mikono tu na kukaa bila kuyumba. Vivyo hivyo giaboksi: ikibaki nafasi ya milimita 5, usiivute kwa bolti. Ama pini haijalenga, ama konveta haijaingia mpaka mwisho. Ikishagusa bloku, konveta bado izunguke kwa mkono.

Usikate bolti kutengeneza pini. Shina la bolti ya M10 mara nyingi halifiki milimita 10 kamili, kwa hiyo bado utabaki na mchezo ule ule. Afadhali nunua pini halisi, au toa nzima kwenye bloku iliyokufa ya injini ya aina hiyo hiyo.

Kile kijiulimi cha beringi za kranki nacho kisikuchanganye. Kinakuonyesha mahali pa kuiweka tu. Kinachoizuia isizunguke ni kule kubanwa kwake kofia inapokazwa, ndiyo maana ncha za beringi hazipigwi tupa hata kidogo. Kii ya puli ya kranki, kile kipande cha chuma kinachoiweka puli mahali pake, ni hivyo hivyo: bolti ya puli ikilegea, kii inaliwa, njia yake kwenye kranki inapanuka, na taiming inahama ingawa alama zako zote kwenye puli zinaonekana ziko sawa.