Fuawe: dhana potofu na ukweli wake

Fuawe, pande zito ambalo mhunzi hulaza chuma juu yake akikipiga nyundo, ina kazi mbili: kuwa nzito pale hasa nyundo inapotua, na kuwa na uso mgumu usiobonyea chini ya chuma cha moto. Pembe, matundu na mlio ni ziada. Dhana nyingi zinazozunguka chombo hiki zinatokana na kuitazama ziada na kuusahau uzito.

“Isiyo na pembe si fuawe.”
Pembe ni ya kukunjia pete, ndoana na mishikio ya ndoo. Wahunzi wengi wa Afrika Mashariki walifulia juu ya jiwe gumu lililozikwa nusu ardhini, na majembe, mikuki na mashoka yakatoka hapo. Wahunzi wa panga za Japani hufulia juu ya pande la mstatili lisilo na pembe hata kidogo. Ukihitaji mviringo, banisha kipande cha shafti au bomba nene kwenye jiliwa. Jiwe nalo lina ila yake: likipata moto kila siku hubanduka magamba, kwa hiyo chuma chekundu hakilazwi juu yake kikangoja.

“Pande la reli hulazwa kama lilivyokuwa njiani.”
Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye karakana za jua kali, na ndilo rahisi kurekebisha. Chukua reli ya kilo 40 kwa mita. Kipande cha nusu mita kina kilo 20. Ukikilaza, nyundo inatua juu ya kichwa, lakini chini yake kuna kiuno chembamba, na nyama iliyobaki imetawanyika kushoto na kulia. Kila pigo linakitetemesha, kinalia, kinaruka, na nguvu ya mkono inaishia kwenye mtetemo badala ya kuingia kwenye chuma.

Kisimamishe. Kilo zote 20 sasa zimepangana chini ya nyundo. Uso unakuwa mdogo, upana wa vidole vitatu au vinne hivi, lakini uso wa nyundo yenyewe ni mdogo kuliko hapo. Chimba tundu la sentimita 15 kwenye gogo la mti mgumu lililosimama kwa nyuzi zake, tumbukiza reli, kisha kaza kwa kabari za mbao mpaka isicheze. Kata ncha ya juu iwe sawa kwa grenda na uimalizie kwa tupa. Ukingo wa kiuno unaweza kuunolea upande mmoja ukawa tindo ya kukatia chuma cha moto. Ukingo wa kitako, yaani bapa pana la chini ya reli, ukiuviringisha utafaa kurefushia chuma. Reli inunuliwe kwa muuza chuma chakavu halali, na risiti itunzwe. Kung'oa reli njiani ni jinai, na treni ikianguka watu hufa.

“Inayolia kama kengele ndiyo bora.”
Mlio unasaidia kitu kimoja: kugundua ufa. Gonga uso mzima kwa nyundo ndogo, kila sentimita mbili tatu. Sauti ikifa ghafla mahali pamoja, huenda bamba la juu limeachana na mwili. Lakini ziko fuawe bora zisizolia kabisa, kama zile za Fisher zilizotengenezwa Marekani, zenye mwili wa chuma cha kusubu na uso wa feleji ngumu. Na inayolia sana itakumaliza masikio. Izungushie mnyororo kiunoni inyamaze.

Kipimo cha kuaminika ni gololi ya beringi. Simamisha rula, iachie gololi kutoka sentimita 25, usiisukume. Ikirudi sentimita 20, uso ni mgumu vizuri. Ikirudi chini ya 12, hicho ni chuma laini au chuma cha kusubu kitupu, na hiki cha pili kingo zake humeguka kama biskuti. Rudia katikati, pembeni na karibu na tundu la mraba, maana uso unaweza kuwa umelainika sehemu moja tu, hasa kama fuawe iliwahi kuungua moto.

“Namba zilizogongwa ubavuni ni kilo.”
Kwenye fuawe za zamani za Kiingereza utakuta namba tatu, mathalani 1 2 10. Ya kwanza ni handredweti, kila moja ratili 112. Ya pili ni robo zake, kila moja ratili 28. Ya tatu ni ratili. Kwa hiyo 112 + 56 + 10 = ratili 178, karibu kilo 81. Muuzaji akikuambia namba hizo ni kilo, mwombe mizani. Kwa makadirio ya mafundi, nyundo ya kilo 1 inataka fuawe ya kilo 50. Kwa kazi ndogo, kilo 20 zilizosimama wima zinavumilika.

“Uso ulioingia bonde usagwe uwe kama kioo, na kingo ziwe kali.”
Bonde dogo ni rafiki wakati wa kunyoosha. Nyingi za fuawe kongwe zina bamba gumu lenye unene wa sentimita moja na ushei tu juu ya mwili laini. Ukisaga milimita 5 umekula karibu nusu ya ulichonunua. Kingo kali ni mbaya zaidi. Chuma kikikunjiwa hapo hupata mkunjo mkali ndani ya kona, na ufa huanzia papo hapo. Viringisha kingo kwa milimita 3 hadi 6, ukiacha urefu wa vidole vinne tu ukiwa mkali kwa kazi za kona kamili.

“Kimo ni kimoja kwa wote.”
Simama wima, ning'iniza mkono, kunja ngumi. Uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya vidole. Mkiwa wawili, mwenzako akipiga kwa nyundo kubwa, shusha kidogo. Anayefanya kazi amechuchumaa apime kwa mkao wake, asiige wa kusimama.

Kama una shaka, weka ubao laini juu ya fuawe, piga mapigo kumi ya kawaida, kisha angalia alama. Miezi miandamo ikiwa upande wako, fuawe iko juu mno. Ikiwa upande wa mbali, iko chini mno. Alama ikiwa duara kamili, kimo ni sawa: ikaze fuawe kwenye gogo lake.