Kwa nini almasi ya Koh-i-Noor ilikatwa ikapoteza karibu nusu ya uzito?

Mwaka 1851 umati ulifurika kwenye maonyesho makubwa ya Hyde Park, London, kuitazama Koh-i-Noor, almasi ambayo Waingereza waliichukua Punjab, bara Hindi, mwaka 1849 kutoka kwa mfalme mtoto, Duleep Singh. Wengi waliondoka wamenuna. Jiwe halikumeta, hata lilipozungushiwa taa za gesi.

Kosa halikuwa la jiwe. Mafundi wa India walifuata umbo la asili la almasi, wakachonga nyuso ndogondogo kuficha madoa, na uzito wakauhifadhi. Ukubwa ndio uliokuwa fahari. Huko Ulaya mikato ya kale, kama ule uitwao wa waridi, wenye tako bapa na mgongo wa kuba, nayo ilijali uzito. Lakini kufikia wakati huo mnunuzi wa Ulaya alitaka mng'ao kwanza.

Mng'ao huo ni suala la pembe. Almasi hupinda mwanga mno: kipimo chake ni 2.42, kioo cha kawaida ni kama 1.5. Kwa hiyo mwanga ulioingia kwa juu ukigonga nyuso za chini kwa mshazari wa kutosha, hautoki. Hurushwa upande wa pili, kisha ukarudi juu kwenye jicho la mtazamaji. Jiwe likiwa bapa mno, mwanga huvujia chini.

Basi mwaka 1852 mafundi wa kampuni ya Coster waliletwa kutoka Amsterdam kulikata jiwe upya, na mashine ya mvuke ikafungwa. Lakini jiwe gumu kuliko yote husagwa na nini? Na unga wa almasi yenyewe, uliochanganywa na mafuta na kupakwa kwenye gurudumu la chuma. Ugumu wa almasi hutofautiana kwa mwelekeo, na katika unga punje zimelala kila upande, hivyo hazikosi zinazong'ata pale jiwe lilipo laini kidogo. Kazi ilichukua siku 38. Kutoka karati (kipimo cha uzito wa vito) kama 191 za leo, zikabaki 105.6.

Binafsi naona hasara, maana mkono wa fundi wa kale ulifutika kabisa. Ila ndiyo bei ya mng'ao: almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 na kuzawadiwa Elizabeth wa Uingereza ilikuwa na karati 54.5. Baada ya kukatwa zilibaki 23.6.