Kanga ukutani

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuandaa maonyesho madogo ya kanga. Mimi ni mhifadhi wa vitambaa: siku zangu hupita nikifukuza nondo na kupigana na unyevu wa pwani. Nikazitundika kwa unadhifu, nikaziwekea taa hafifu zisipauke, na chini ya kila moja nikabandika karatasi ya maelezo. Chini ya HASIDI HANA SABABU niliandika kwamba ni msemo unaoonya juu ya wivu.

Siku ya pili akaja mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia, akasoma karatasi yangu, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, hii haionyi mtu," akasema. "Hii inasuta." Nikaanza kujitetea. Akanikatiza: ilikuwa ya nani, na ilimlenga nani? Nikaenda kutazama kadi ya kumbukumbu. Palikuwa na vipimo, sentimita 150 kwa 110, rangi, hali ya kitambaa, tundu moja dogo karibu na pindo. Kuhusu aliyeivaa, au aliyevaliwa, hapakuwa na neno hata moja.

Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniuliza kama kanga ni sanaa, huwa simjibu haraka. Kwanza namkumbusha neno lenyewe. "Sanaa" tumelipata kutoka Kiarabu, na huko mzizi wake ni wa kutengeneza, ufundi wa mkono. Neno ambalo Waarabu hulitumia kwa sanaa za kutazamwa na kusikilizwa ni "fann", nasi tukalichukua hilo pia, tukalifanya "fani", likaenda kukaa darasani karibu na "maudhui". Kwa hiyo Kiswahili hakikuweka ukuta kati ya fundi na msanii. Ukuta huo tumeujenga baadaye, tulipoanza kuwa na majengo ya maonyesho yenye tiketi. (Mtaani neno limeshaendelea na safari yake: ukiambiwa "acha usanii", hujasifiwa.)

Ukuta huo huwa na walinzi, na kesi ninayopenda kuwasimulia wanafunzi inawahusu walinzi wa forodha. Mwaka 1926 sanamu za Constantin Brâncuși, mchongaji Mromania aliyeishi Paris, ziliwasili New York kwa meli. Mojawapo ilikuwa ya ndege: shaba ndefu iliyong'arishwa, haina mbawa, haina mdomo, haina miguu. Kazi ya sanaa ilikuwa inaingia Marekani bila ushuru. Maofisa wakaitazama ile shaba, wakaihesabu kwenye fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, wakadai asilimia 40 ya bei. Shauri likafika mahakamani. Edward Steichen, mpiga picha aliyekuwa ameinunua, aliulizwa kama angeikuta msituni angeilenga risasi. Akasema hapana. Hata hivyo, tarehe 26 Novemba 1928 mahakama ilikubali kwamba ni sanaa: ilikuwa kazi asilia, imetoka mikononi mwa mchongaji anayejulikana kwa kazi hiyo, inapendeza machoni, na haikutengenezwa kwa matumizi mengine.

Ni hukumu ya maana, kwa sababu iliondoa sharti la zamani kwamba sanamu lazima ifanane na kitu. Lakini jaribu kuipitisha kanga kwenye mlango huohuo. Mchoraji wake kwa kawaida hajulikani. Nakala zake hutoka kiwandani kwa maelfu. Na matumizi, hayahesabiki: kujifunga, kujitanda, kupokelea kichanga, kubebea mtoto, kukaa nayo matangani. Ikichakaa inakuwa nepi, kisha kitambaa cha kushikia sufuria, kisha dekio. Nimewahi kudeki sebule kwa NANI KAMA MAMA, na mama mwenyewe ndiye aliyenituma. Mahakama ile ingeitoza kanga ushuru asubuhi na mapema, hata chai haijanywewa.

Mimi nadhani kosa liko kwenye kutazama kitambaa peke yake, kana kwamba kazi ilimalizika ilipotoka kwenye mashine.

Ufundi wa kitambaa upo, tena mwingi, na kanuni zake ni kali. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na kuna jina, yaani maandishi, ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Kitambaa kikikosa pindo na jina, hata kikiwa kizuri namna gani, si kanga, na muuzaji wa kitenge hatakubishia. Huuzwa kwa doti, mbili zinazofanana. Mombasa wanaiita leso, neno lililotoka kwa Wareno, na jina hilo linakumbusha zamani ambapo wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi na kuvishona pamoja, sita kwa mpangilio wa viwili kwa vitatu, vikawa nguo moja. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyeanza Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa zaidi linapozungumzwa jambo la kutia maneno kwenye kanga. Maneno ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hizi za Kirumi zilikuja baadaye.

Na hayo maneno ni shairi fupi. Soma JAPO SIPATI TAMAA SIKATI kwa sauti: kina cha "ti" kinagonga mara mbili, na katikati pana pumzi. Au NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE, ambapo "meno" yamejificha ndani ya "maneno" yakisubiri uyaone.

Sasa tafuta maana yake kwa njia tuliyofundishwa sekondari. Fani umeshaiona. Maudhui? Ukisema maana ni nia ya mtunzi, kumbuka kwamba kwenye kanga nia ya aliyechapisha mara nyingi ni moja tu: ninunue. Ukisema maana imo ndani ya maneno yenyewe, JAPO SIPATI itakushinda. Mwanamke anayengoja mtoto mwaka wa tano akijinunulia, ni dua. Kijana akimpelekea binti ambaye hajamjibu, ni posa ya mlango wa nyuma. Mke akijifunga asubuhi baada ya kuomba pesa ya sokoni mara tatu, mume anajua ameambiwa nini, na chai atainywa kimyakimya. Maandishi ni yaleyale, kwa herufi kubwa, bila koma wala alama ya kuuliza.

Watu wa fasihi simulizi wana chombo kinachofaa zaidi kuliko sisi wa makumbusho. Wao huuliza fanani, yaani msimulizi, ni nani, hadhira ni nani, na tukio lenyewe ni lipi. Hadithi haijakuwapo mpaka isimuliwe mbele ya watu. Nami naiona kanga hivyo. Mchoraji ametoa nusu ya kazi. Nusu ya pili inafanywa na mwanamke aliyesimama dukani, akafunuliwa doti ishirini, akazikataa kumi na tisa. Anasoma jina, anapima rangi kama itamfaa mlengwa, anafikiri aitoe lini. Huyo ni fanani. Kisha anapita mbele ya baraza ya jirani akiwa amejifunga jina likae nyuma, lisomeke vizuri akishapita. Jirani akikasirika, jibu lipo tayari: "Mimi nimevaa nguo yangu tu." Ni msanii gani mwingine mwenye uhuru wa kuikana kazi yake hivyo huku imeshafika?

Najua pingamizi linalokuja. Kama kila kitu kinategemea aliyetoa na aliyepokea, basi kanga yenyewe haina maana, na kila mtu aseme lake. Hapana. Maneno yana mipaka yake. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU inaweza kufariji msibani, inaweza kumtuliza mwenye haraka, inaweza hata kumkumbusha tajiri kwamba naye atashuka kituoni. Lakini jaribu kuchumbia nayo. WEMA HAUOZI ni shukrani ukimpa aliyekusaidia. Ukimpa uliyemsaidia akakusahau, ni deni unalodai mbele za watu. Tafsiri hizo mbili zinapingana na zote ni sahihi, kwa kuwa zote zimeshika neno "wema" na hazikuliacha. Tafsiri mbaya nazo zipo. Yangu ya pale ukutani ilikuwa mojawapo: haikukosea kamusi, ilikosea watu.

Picha nazo hubeba mzigo huohuo. Mwaka 2008, Obama alipochaguliwa, kulitoka kanga yenye sura yake na maneno UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Ondoa ile sura, unabaki na zawadi nzuri ya harusi.

Kwa hiyo nilibadilisha kadi zangu. Siku hizi, chini ya vipimo, pana mistari mitatu: nani alinunua, alimpa nani, ilivaliwa siku gani. Wafanyakazi wenzangu walidhani najitafutia umbea, na sikatai. Mwezi uliopita bibi mmoja alituletea kanga moja tu, nusu ya doti, imetunzwa na karafuu. Nikamuuliza nyingine iko wapi. Akasema anayo aliyepewa. Nikauliza ni nani, niandike. Akanyamaza, akaitazama kalamu yangu, kisha akacheka.

"Andika 'jirani'. Akija hapa ataisoma, atajijua."