Mshahara halisi ni nini, na laki na nusu ya Nairobi huishia wapi

Mpwa wangu alikuja Lamu kwa Maulidi ya mwaka 2025 akakaa nasi siku nne. Jioni ya pili tulikuwa dakani, ule ukumbi wa mlangoni, tumemaliza kunywa kahawa, alipopita mzee mmoja wa mtaa akikusanya mchango wa mashine ya mashua. Baada ya salamu akamuuliza kijana, kwa upole tu, huko Nairobi analipwa ngapi. Kijana hakuficha. Laki na nusu kwa mwezi.

"Mwanangu, weye huna taabu basi," mzee akasema.

Niliona uso wa mpwa wangu ukibadilika. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka kusikia neno hilo. Alitoa simu, akafungua hati ya mshahara wa mwezi uliopita, akasogea karibu na mzee wakaisoma pamoja mstari kwa mstari. Nimeandika haya kwa sababu ya jioni ile, maana najua ziko nyumba nyingi za pwani ambazo mtoto aliye bara anahesabiwa tajiri kwa tarakimu moja tu.

Neno mshahara tumelipata kwa Waarabu, na ndani yake mna shahr, yaani mwezi. Ni malipo ya mwezi, basi. Halisemi malipo hayo yatanunua nini. Wachumi hutenganisha vitu viwili hapa. Kuna mshahara wa kwenye karatasi, ile hesabu iliyoandikwa katika barua ya kazi. Kisha kuna mshahara halisi, yaani kiasi cha unga, samaki, vyumba, nauli na karo ambacho hesabu hiyo inaweza kukupatia pale unapoishi, kwa bei za wakati huo. Watu wawili wanaweza kuandikiwa shilingi zilezile, mmoja akala akashiba na kubakiza, mwingine akakopa dukani kabla ya tarehe ishirini. Na sisi tunalo neno letu, kujiweza, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote mawili. Anayejiweza ni yule ambaye mtoto akiugua usiku hatafuti wa kumkopesha nauli ya hospitali.

Turudi kwenye simu ya kijana. Juu kabisa ni 150,000. Chini yake NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, imechukua 4,320, SHIF ya afya asilimia 2.75, ambayo ni 4,125, na tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 2,250. Hapo bado kodi ya mapato, ile PAYE. Kwa viwango vya mwaka 2025, kila shilingi inayozidi 32,333 kwa mwezi hukatwa senti 30, mpaka ufike laki tano. Kwake ilitoka 34,175 hivi. Kilichoingia benki ni kama 105,130. Mzee alirudia hesabu hiyo mara mbili kwa sauti. Takriban elfu arubaini na tano zilikuwa zimeondoka kabla kijana hajanunua hata kibiriti.

Kisha akataja ya pili, na hii haimo kwenye hati yoyote. Anakaa South C, mtaa wa Nairobi, na mke na watoto wawili, nyumba ya vyumba viwili, elfu hamsini pamoja na ada ya mlinzi na takataka. Karo na madrasa, elfu kumi na mbili akigawa kwa miezi. Chakula na gesi, elfu ishirini. Nauli zao wote, elfu nane. Umeme, maji na intaneti, elfu tano. Zinabaki elfu kumi na kitu, na kati ya hizo elfu saba zinakuja kwa mama yake, yaani dada yangu, hapa hapa Lamu. Elfu tatu na mia moja hivi ndizo zake za dharura, za viatu vya mtoto, za mchango wa mashine ya mashua.

Kiswahili chetu kinaita kodi zote mbili kodi: ile ya serikali na ile ya mwenye nyumba. Nadhani lugha imeona vizuri. Zote mbili hulipwa kabla hujala, na hakuna hata moja unayoweza kuipunguza kwa kubana matumizi jikoni. Marekani, wizara ya nyumba huhesabu kwamba familia inayotoa zaidi ya asilimia 30 ya pato lake kwa makazi imeelemewa. Kodi ya mpwa wangu ni theluthi ya mshahara wa kwenye karatasi. Ukiipima kwa pesa zilizofika benki, inakaribia nusu.

Huko huko Marekani ndiko tunakoona jambo hili likifika mbali kabisa. Mwaka 2018, familia ya watu wanne mjini San Francisco iliyopata hadi dola 117,400 kwa mwaka iliwekwa na wizara hiyo katika kundi la wenye pato la chini, kwa ajili ya kuamua nani astahili msaada wa nyumba. Kwa shilingi zetu za wakati ule ni zaidi ya milioni kumi na moja. Vipimo hivyo hupangwa kwa kila eneo kivyake, vikifuata mapato ya watu wa pale na gharama za makazi yao, ndiyo maana pesa hizo hizo katika mji mwingine wa nchi hiyo zingemweka mtu mahali pengine kabisa.

Kwa nini mji wenye mishahara mikubwa huwa ghali? Mchele unaweza kuletwa, nguo zinaweza kuletwa, lakini ardhi iliyo karibu na kazi haiongezeki. Wanaolipwa vizuri wakijaa mahali, wanashindania vyumba vilevile, na mwenye nyumba huona. Nyongeza ya mshahara inapita mkononi mwa mfanyakazi ikienda kwa aliyetangulia kumiliki. Sisi watu wa Lamu hatuhitaji kwenda Nairobi kuliona hili. Tazama Shela, kijiji cha jirani hapa kisiwani. Wageni wenye pesa za Ulaya walipoanza kununua nyumba pale, bei ilifuata mifuko yao, ikawaacha wenyeji.

Sasa mweke kijana kando ya dada yake mdogo, mwalimu hapa mjini. Mshahara wake ni 60,000, na baada ya makato hubaki 45,310 hivi. Chini ya nusu ya anachopata kaka yake. Lakini alipoolewa, baba yake alimpa orofa ya juu ya nyumba, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wetu kumpa binti makazi yake. Halipi kodi ya nyumba. Shule anakwenda kwa miguu. Akishatoa chakula, karo, umeme na maji, hubakiwa na elfu kumi na saba hivi.

Hapa naomba tusikosee. Lamu si rahisi. Nyanya, gesi na saruji huja kwa gari hadi gati ya Mokowe, upande wa bara, kisha zikapanda mashua, na kila mkono unaozipokea unaongeza chake. Ugonjwa mkubwa unakupeleka Mombasa. Mwalimu mgeni aliyeletwa hapa akapanga chumba hana nafuu ya mpwa wangu huyu wa kike. Kinachomfanya ajiweze ni ile orofa, ambayo haitaonekana kamwe kwenye hati ya mshahara.

Mshahara halisi pia husinyaa ukiwa umekaa palepale. Oktoba 2022 bei nchini zilikuwa zimepanda asilimia 9.6 kwa mwaka. Aliyeongezwa asilimia 5 mwaka ule alishukuru, akapeana mikono na mkubwa wake, na kwa kweli alikuwa amepunguziwa karibu asilimia 4.

Mzee alimrudishia kijana simu yake. Hakumwombea radhi kwa maneno, ila alifungua daftari la mchango, akapitisha kidole penye jina la kijana, akaandika mia tano mahali ambapo, nilivyoona, nafasi ilikuwa imeachwa kwa elfu tano. Kisha akamuuliza kuhusu binti yake mkubwa, ana miaka mingapi sasa. Tisa, kijana akasema. Akainua macho kuitazama dari ya daka, akaanza kumuuliza mzee bei ya boriti.